UZI: Kuapdeti ni kitu kimoja, kupandisha toleo ni kingine. Debian 12 kwenda 13, pamoja na Ubuntu, Fedora na wengine

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Swali linarudi kila wiki: "nikiapdeti, seva itaharibika?" Jibu linategemea unachokiita kuapdeti.

Ndani ya toleo moja, Debian (mfumo wa Linux, kama Ubuntu na Fedora) haikuletei programu mpya. Inakuletea ile ile uliyonayo, imetiwa kiraka. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023 ikiwa na kerneli (kiini cha mfumo) 6.1, Python 3.11, PHP 8.2 na PostgreSQL 15, na itazeeka na hizo hizo. Ukienda Debian 13, iliyotoka 9 Agosti 2025, vyote vinaruka kwa pamoja: kerneli 6.12, Python 3.13, PHP 8.4, PostgreSQL 17. Hapo ndipo mipangilio na data zako zinapokutana na programu ambayo haijawahi kuziona.

Watu wengi wanafanya kinyume. Wanakaa mwaka mzima bila kugusa sasisho dogo kwa woga, halafu siku moja wanarukia toleo jipya bila hata nakala ya `/etc`. Sasisho dogo lifanye kila wiki bila kusita. Toleo jipya lipangie siku yake.

Sasisho dogo ni hili tu:

`apt update`
`apt upgrade`

Ukiona mstari unaoanza na `N:` ukisema Version imebadilika kutoka 12.10 kwenda 12.11, usishtuke. Ni mkusanyiko wa viraka vya miezi michache uliopewa namba. Aliyekuwa anaapdeti kila wiki karibu vyote anavyo tayari. `cat /etc/debian_version` itakuonyesha namba mpya, na hakuna haja ya kudownload ISO wala kuinstall upya.

Je, kiraka chenyewe kinaweza kuwa na kasoro? Imewahi kutokea. Desemba 2023 ilibainika kerneli 6.1.64-1 inaweza kuharibu data kwenye diski za ext4 (muundo wa kawaida wa kuhifadhi faili kwenye Linux). Debian wakazuia ISO za 12.3, na tarehe 10 Desemba wakatoa 12.4 yenye kerneli iliyorekebishwa. Kwa hiyo mwenye seva kumi aanze na moja isiyo na kazi nzito, asubiri siku moja, ndipo aendelee na tisa.

Na kuinstall kiraka hakutoshi. Programu iliyokwisha kuwaka bado inatumia maktaba ya zamani iliyo kwenye memori. OpenSSL (maktaba ya usimbaji) ikibadilishwa kwenye diski, nginx (seva ya tovuti) iliyowaka tangu mwezi jana inaendelea na ile yenye tundu mpaka uiwashe upya. Weka `needrestart`, itakutajia huduma zinazosubiri. Kerneli ndiyo inadai kuwasha mashine nzima: linganisha `uname -r` na kerneli mpya kabisa kwenye `dpkg -l 'linux-image*'`. Zikitofautiana, bado unaendesha ya zamani.

---

BintiWaSeva

Asante mkuu. Hapo kwenye "programu ile ile imetiwa kiraka" naomba ufafanuzi. Mkaguzi wa usalama anapiga skani, ripoti inasema OpenSSH ni 9.2 na ina tundu la usalama CVE-2024-6387 (CVE ni namba ya kulitambua tundu), tuweke 9.8. Debian 12 haina 9.8. Tunafanyaje?

---

kerneli_na_chai

@BintiWaSeva msiweke 9.8 kwa kucompile wenyewe. Mkifanya hivyo mmejivua ulinzi, kwa sababu tangu siku hiyo `apt` haitaleta tena kiraka cha SSH, itabidi mkumbuke wenyewe.

Tundu hilo lilitangazwa 1 Julai 2024. Waandishi wa OpenSSH walilifunga kwenye 9.8. Debian walichukua mistari inayoliziba tu, wakaipandikiza kwenye 9.2, wakatoa paketi `1:9.2p1-2+deb12u3`. Isomeni namba hiyo vizuri:

- `9.2p1` ni toleo la programu lilivyotoka kwa waandishi. Halibadiliki.
- `-2` ni mara ya ngapi Debian wameifungasha.
- `+deb12u3` ni kiraka cha tatu ndani ya Debian 12.

Skana nyingi zinasoma `9.2p1` kwenye salamu ya SSH na kuishia hapo. Mkaguzi mpeni ushahidi:

`dpkg -l openssh-server`
`apt changelog openssh-server | grep 6387`

Ikiwa u3 au zaidi, tundu limezibwa. Ambatisheni pia ukurasa wa CVE hiyo kwenye security-tracker ya Debian, unaonyesha toleo kwa toleo lipi limerekebishwa. Red Hat na Ubuntu nao wanafanya vivyo hivyo, maandishi ya mkia tu ndiyo tofauti.

---

Nyuzi_Kumi

Wakuu kuna `upgrade`, `full-upgrade` na `dist-upgrade`. Ipi ni ipi?

---

kerneli_na_chai

`apt upgrade` haiondoi paketi hata moja. Ikiona sasisho linadai kitu kitolewe, inaliacha, unaona "kept back". `apt full-upgrade` inaruhusiwa kuondoa. `dist-upgrade` ni jina la zamani la hiyo ya pili kwenye `apt-get`. Hakuna hata moja inayokuhamisha toleo yenyewe. Kinachokuhamisha ni jina lililoandikwa kwenye faili za repo (ghala ambako `apt` inachota paketi).

Ndiyo maana usiandike `stable` kwenye repo za seva, andika `bookworm` (jina la 12) au `trixie` (jina la 13). Neno `stable` lilihama kutoka 12 kwenda 13 siku ile ile ya 9 Agosti 2025. Aliyekuwa nalo akapiga `full-upgrade` ya kawaida alijikuta katikati ya safari ambayo hakuipanga.

---

Mleta uzi

Sasa tuingie kwenye kupandisha 12 kwenda 13. Nitaandika kwa mpangilio ambao ukiufuata hutoki jasho.

Kwanza maliza viraka vyote vya 12, kisha uwashe mashine upya. Kuna sababu: SSH ya zamani ya 12 inaweza kukataa miunganisho mipya katikati ya zoezi, na marekebisho yake yako kwenye viraka vya mwisho vya 12.

Halafu safisha:

`dpkg --audit` (isitoe kitu)
`apt-mark showhold` (kilichozuiwa kiachie, au ujue kwa nini kimezuiwa)
`apt list '~o'` (zilizobaki bila repo)

Nakala: data zako, `/etc` yote, `/var/lib/dpkg`, `/var/lib/apt/extended_states`, na orodha ya paketi kwa `dpkg --get-selections '*' > paketi.txt`. Zitoe nje ya mashine. Nakala iliyo kwenye diski ile ile unayoifanyia kazi haikusaidii diski ikifa.

Angalia nafasi, hasa `/boot`. Hapa ndipo wengi wanakwama. Debian wanashauri `/boot` iwe na MB 768 na zisizopungua MB 300 ziwe wazi. Mashine zilizowekwa miaka ya nyuma mara nyingi zina ndogo kuliko hapo. Kerneli mpya inaandika initrd yake (faili ya kuanzia kuwaka) humo, na nafasi ikiisha katikati, `update-initramfs` inakufa na "No space left on device", `dpkg` inaacha kerneli nusu nusu, na kila amri ya `apt` baada ya hapo inarudia kosa lile lile. Dawa: tazama `uname -r` ujue inayokubeba, kisha uondoe nyingine za zamani kwa `apt purge linux-image-...`, halafu `dpkg --configure -a`. Usiiondoe inayokubeba.

Repo za watu wengine (Docker, NodeSource, PHP ya nje) zizime kwanza, na `bookworm-backports` (repo ya programu mpya zilizoletwa kwenye 12) iondoe. Ndipo:

`sed -i 's/bookworm/trixie/g' /etc/apt/sources.list`

Pitia pia kila faili ndani ya `/etc/apt/sources.list.d/`, usiamini kwamba yote yako kwenye faili moja.

Fungua `tmux`, terminali inayobaki hai hata muunganisho ukikatika. Hili si pambo. Intaneti ikikatika ukiwa kwenye SSH bila `tmux`, zoezi linaweza kufa pamoja na terminali. Ukiwa nayo, unaingia tena na `tmux attach` unakuta kazi inaendelea. Hakikisha pia una njia ya kuifikia konsoli ya mashine, maana majina ya kadi za mtandao yanaweza kubadilika kerneli mpya ikiwaka, na seva ikarudi haina IP.

`apt update`
`apt upgrade --without-new-pkgs`
`apt full-upgrade`

Hatua mbili, si moja. Ya kwanza inapandisha kinachowezekana bila kuongeza wala kutoa paketi, ya pili inabaki na mafundo machache. Kabla ya kujibu Y kwenye `full-upgrade`, soma orodha ya zinazoondolewa. Ukiona seva yako ya barua au ya data imo humo, sema n, tafuta sababu.

Ukimaliza washa upya, piga `systemctl --failed`, fungua huduma moja moja kwa macho yako. `apt autoremove` iache mpaka ujiridhishe.

---

Nyuzi_Kumi

Katikati inauliza kuhusu faili ya mipangilio: Y, I, N, O, D, Z. Wengine wanasema bonyeza Enter tu.

---

kerneli_na_chai

Enter ni N, yaani baki na faili yako. Swali hilo linakuja tu pale ambapo wewe uliibadilisha faili na Debian nao wameibadilisha. Bonyeza D kwanza uone tofauti. Ukibaki na yako, mpya inawekwa pembeni kwa mkia `.dpkg-dist`. Ukichukua mpya, yako inakaa kwenye `.dpkg-old`. Kwa hiyo hakuna kinachopotea, ila huduma inaweza isiwake.

Kwa `sshd_config` baki na yako, lasivyo unaweza kujifungia nje kama ulibadilisha bandari. Kwa Dovecot kubaki na yako hakukuokoi: imetoka 2.3 kwenda 2.4 na sarufi ya mipangilio imebadilika, faili ya zamani haisomeki. Mwenye seva ya barua aandike mipangilio mipya kwenye mashine ya majaribio kabla ya siku yenyewe.

Zoezi likiisha: `find /etc -name '*.dpkg-*'` na upitie zote. Upande wa Fedora na Red Hat mikia ni `.rpmnew` na `.rpmsave`, Arch ni `.pacnew`.

---

mzee_wa_data

Naongezea upande wa programu zenyewe, maana mfumo unaweza kuwaka vizuri kabisa na tovuti isiwake.

PHP na nginx. Soketi ya FPM (huduma inayoendesha PHP) ina namba ndani ya jina: `/run/php/php8.2-fpm.sock`. Baada ya kupanda, iliyopo ni `php8.4-fpm.sock`. nginx inagonga mlango wa zamani, wateja wanaona kosa la 502. Rekebisha `fastcgi_pass` kwenye kila faili ya tovuti, piga `nginx -t`, kisha reload. Kwa Apache ni `a2dismod php8.2` na `a2enmod php8.4`. Na ule `memory_limit` au `upload_max_filesize` uliouweka kwenye `/etc/php/8.2/` haukuhama. Folda ya 8.4 ina thamani za kiwandani. Hii inakuja kugundulika siku mtu anapopakia faili kubwa.

Python. Kila venv (folda ya mradi yenye maktaba zake za Python) itavunjika. Ndani ya venv kuna kiungo kinachoelekea `/usr/bin/python3`, ambacho sasa ni 3.13, lakini paketi zako zimekaa kwenye `lib/python3.11/site-packages`. Python mpya haiangalii humo, unapata ModuleNotFoundError wakati faili unaziona kwa macho. Usihamishe folda kwa mkono. Kabla ya kupanda piga `pip freeze > requirements.txt` ndani ya kila venv. Baadaye futa, tengeneza upya, `pip install -r requirements.txt`. Baadhi ya matoleo ya zamani ya maktaba hayana paketi iliyojengwa kwa 3.13, yatataka kucompile au kupandishwa nayo.

PostgreSQL. Hapa nendeni taratibu. Kupanda hakuhamishi data. Kunakuwekea 17 pembeni ya 15. Piga `pg_lsclusters` utaona hivi:

`15 main 5432 online`
`17 main 5433 online`

Programu yako bado inaongea na 15 kwenye 5432, kila kitu kinaonekana sawa, na wengine wanasahau hapo hapo. Hatua zinazobaki:

`pg_dropcluster --stop 17 main` (ile tupu iliyojitengeneza)
`pg_upgradecluster 15 main`

Njia yake ya kawaida ni kudump na kurudisha, kwa hiyo unahitaji nafasi ya kutosha nakala mbili: pima kwa `du -sh /var/lib/postgresql/15`. Ni ya polepole kwa data kubwa, ila ina faida moja: indeksi zote zinajengwa upya. glibc (maktaba ya msingi ya mfumo) imetoka 2.36 kwenda 2.41, na mpangilio wa herufi ukibadilika ndani ya glibc, indeksi za maandishi za zamani zinaweza kutoa majibu yasiyo sahihi bila kelele. Ukiamua `-m upgrade` kwa ajili ya kasi, malizia na REINDEX mwenyewe.

Ikiisha, 17 inachukua 5432. Ikae wiki, ndipo `pg_dropcluster 15 main`. Narudia kwa wanaopenda usafi: msipige `apt purge '~o'` kabla ya kuhamisha data, kwa sababu postgresql-15 imo kwenye hiyo orodha.

Mwenye MariaDB: mashine iwe imezima huduma kwa usalama kabla ya kupanda. MariaDB mpya haipendi kurithi data za seva iliyoanguka.

Jambo jingine: kwenye 13, `/tmp` inakaa kwenye RAM, mpaka nusu ya RAM yote. Kwenye VPS (seva ya kukodi) ya GB 1, `/tmp` haizidi MB 512. Skripti ya nakala inayotupa dump kwenye `/tmp` itagonga mwamba na kula memori ya wengine. Ielekeze `/var/tmp`, au zima kwa `systemctl mask tmp.mount`.

---

Chausiku_dev

Huku Ubuntu 22.04, `do-release-upgrade` inasema "No new release found" wakati 24.04 ipo. Wengine wanashauri niongeze `-d`.

---

Mleta uzi

Usiongeze `-d` kwenye mashine ya kazi, hiyo ni kwa toleo ambalo bado linatengenezwa.

Ubuntu haiwafungulii watu wa LTS (matoleo yanayohudumiwa muda mrefu) njia siku toleo linapotoka. Inasubiri `.1`. 24.04 ilitoka Aprili 2024, 24.04.1 ikaja mwishoni mwa Agosti. Kwa sasa njia iko wazi, kwa hiyo angalia `/etc/update-manager/release-upgrades`: mstari uwe `Prompt=lts`. Ukiwa `never`, haitakuonyesha kitu. Na viraka vyote viwe vimeingia.

Ukiwa kwenye SSH, inafungua sshd ya akiba kwenye bandari 1022. Firewall haifunguki yenyewe, kwa hiyo `ufw allow 1022/tcp` kabla, na uifunge baadaye. Repo za nje inazizima yenyewe, wewe ndiye wa kuzirudisha. Kumbukumbu za zoezi ziko `/var/log/dist-upgrade/`.

Na kwa seva, kaa kwenye LTS. Matoleo ya katikati yanahudumiwa miezi 9 tu.

---

kerneli_na_chai

Kwa ufupi, za wengine:

Fedora inatoka karibu kila miezi 6 na kila toleo linahudumiwa kama miezi 13. Unaruhusiwa kuruka toleo moja, mfano 40 kwenda 42. `dnf upgrade --refresh`, washa upya, `dnf system-upgrade download --releasever=42`, kisha `dnf system-upgrade reboot`. Inainstall mashine ikiwa imewaka kwenye hali finyu, hakuna programu inayotumia maktaba wakati zinabadilishwa. Ni utaratibu safi.

Red Hat, AlmaLinux, Rocky: 9.4 kwenda 9.5 ni `dnf upgrade` tu. 8 kwenda 9 ni kazi ya Leapp, chombo cha kupandisha toleo: piga `leapp preupgrade`, soma `/var/log/leapp/leapp-report.txt` mpaka mwisho. Kwenda RHEL 10 angalia prosesa kwanza, inataka x86-64-v3. Amri `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help` inakuonyesha chini kabisa ngazi gani zinakubalika. AlmaLinux 10 wana toleo la v2 kwa mashine za zamani.

Arch haina toleo, ni mto unaotiririka. `pacman -Syu` nzima au usiguse. Ukipiga `pacman -Sy jina_la_paketi`, umeleta programu iliyojengwa kwa maktaba mpya kwenye mfumo wenye maktaba za zamani, na "error while loading shared libraries" inakusubiri.

---

FundiMaabara

Swali la bando na umeme. Maabara ya shule, mashine 20, intaneti ya modemu.

---

mzee_wa_data

Bando: weka `apt-cacher-ng` kwenye mashine moja, inasikiliza bandari 3142. Kwenye zile 19 ongeza faili `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy`:

`Acquire::http::Proxy "http://IP_YA_MASHINE:3142";`

Repo ziwe `http://`, si `https://`, la sivyo haiwezi kuhifadhi. Usalama hauporomoki, `apt` inahakiki saini ya kila orodha ya paketi. Mashine ya kwanza inalipa bando, 19 zinachota ndani.

Tenganisha pia kudownload na kuinstall. `apt full-upgrade --download-only` inaweza kukimbia usiku kwa bando la usiku, na asubuhi `full-upgrade` haigusi intaneti. `apt` inakutajia MB kabla ya kuanza, kwa hiyo unajua ununue bando gani.

Umeme: laptop iwe na betri, desktop iwe na UPS. Ukikatika hata hivyo, mashine nyingi zinapona. Waka, ingia hali ya uokoaji ikibidi, halafu kwa mpangilio huu: `dpkg --configure -a`, `apt -f install`, `apt full-upgrade`. Usifute faili za lock ukidhani ndizo tatizo. Hakikisha kwanza hakuna `apt` nyingine inayoendelea.

---

BintiWaSeva

Na ikishindikana, kuna amri ya kurudi 12?

---

Mleta uzi

Hakuna. Debian haihimili kushuka. Skripti za paketi zimeandikwa kupandisha, na data zikishabadilishwa umbo hazirudi. Kurudi nyuma kunatengenezwa kabla. Kwa mashine ya virtual chukua snapshot (picha ya hali ya diski) ikiwa imezimwa. Kwa LVM (mfumo wa kugawa diski) yenye nafasi wazi:

`lvcreate -s -L 10G -n kabla13 /dev/vg0/root`

Ukitaka kurudi, `lvconvert --merge /dev/vg0/kabla13` na uwashe upya. Kumbuka `/boot` kwa kawaida iko nje ya LVM, kwa hiyo inakiliwe kando. Na snapshot ikijaa inakufa, zoezi likifanikiwa iondoe mapema. openSUSE wamelirahisisha hili: btrfs na snapper wanachukua picha yenyewe kila `zypper` inapokimbia, unarudi kwa `snapper rollback`.

---

Nyuzi_Kumi

Ya mwisho. Nina Debian 11. Naruka moja kwa moja 13?

---

kerneli_na_chai

Hapana. 11 kwenda 12, washa, kagua, ndipo 12 kwenda 13. Paketi hujaribiwa kutoka toleo linalotangulia tu, na zile za mpito zinazobeba majina ya zamani kwenda mapya huwa zinaondolewa toleo linalofuata. Ukiruka, unakosa daraja.

Kwenye hatua ya 12 ongeza `non-free-firmware` kwenye mistari ya repo, ni sehemu mpya iliyoanza hapo. Bila hiyo, firmware za Wi-Fi ulizonazo hazitapata sasisho.

Na kabla ya yote piga `dpkg --print-architecture`. Ikijibu `i386`, ishia 12. Debian 13 haina kerneli wala kiinstala cha mashine za biti 32. Debian 12 itaendelea kupata viraka vya LTS mpaka 30 Juni 2028. Kama prosesa yako ina `lm` kwenye `/proc/cpuinfo`, basi mashine ni ya biti 64 iliyowekewa mfumo wa 32: hifadhi data, uinstall amd64 upya.